Justinian Rweyemamu

Justinian F. Rweyemamu (1942 – 1982) alikuwa mwanauchumi kutoka Tanzania. Alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mshauri wa uchumi wa Rais Julius Nyerere, na baadaye mtaalamu katika taasisi za kimataifa. Anajulikana hasa kwa kitabu chake kuhusu viwanda vya Tanzania kilichotolewa mwaka 1973, na kwa mchango wake katika mawazo yaliyozaa Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa miaka ya 1970.

Hoja yake kuu ilikuwa kwamba idadi ya viwanda na kiwango cha ukuaji havitoshi kueleza maendeleo ya nchi. Ni lazima kuuliza pia kiwanda kinatumia malighafi ya nani, mitambo yake inatoka wapi, bidhaa zake zinanunuliwa na nani, na faida yake inaishia wapi.

Maisha ya awali na elimu

Rweyemamu alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la Bukoba, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Kagera. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza. Bukoba ilijulikana kwa kilimo cha kahawa na kwa shule za misheni, na watu wengi wa huko walipata elimu mapema kuliko wenzao wa mikoa mingine.

Alipokuwa kijana, nchi haikuwa na chuo kikuu chake. Chuo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961 kilianza na wanafunzi wachache wa sheria tu. Waliotaka shahada ya uchumi walikwenda Makerere nchini Uganda au ng'ambo. Rweyemamu alikwenda Marekani, akasoma hadi kupata shahada ya uzamivu katika uchumi kwenye Chuo Kikuu cha Harvard. Baada ya masomo alirudi nyumbani kufundisha.

Utafiti wa uchumi nchini kabla yake

Hadi miaka ya 1960 utafiti wa uchumi wa Tanganyika ulifanywa karibu wote na wageni. Hesabu ya pato la taifa kwa miaka 1952 hadi 1954 ilitayarishwa na Alan Peacock na Douglas Dosser, ikachapishwa London mwaka 1958. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, Benki ya Dunia ilitoa ripoti kubwa kuhusu maendeleo ya uchumi wa Tanganyika. Mwaka huohuo kampuni ya Marekani ya Arthur D. Little ilitoa ripoti kuhusu nafasi za kujenga viwanda. Mpango wa kwanza wa miaka mitano wa 1964 hadi 1969 pia ulitegemea sana wataalamu kutoka nje.

Takwimu zenyewe zilikuwa zinakusanywa hatua kwa hatua. Sensa ya Agosti 1967 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12.3 katika Tanzania. Mwaka 1969 ulifanyika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Katika utafiti wa namna hii haihesabiwi kila nyumba: huchaguliwa sampuli ya kaya kutoka maeneo mbalimbali, zikaulizwa zinapata nini na zinatumia nini, kisha matokeo yakakadiriwa kwa nchi nzima. Serikali ilikusanya pia takwimu za viwanda, yaani idadi ya wafanyakazi, mishahara, gharama za malighafi na thamani ya bidhaa.

Kwa upande wa kilimo, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ukiriguru karibu na Mwanza walichunguza mashamba ya wakulima wa Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Utafiti huo ulifika pia katika Wilaya ya Maswa, ambayo wakati huo ilijumuisha Bariadi. Ulionyesha kwamba tatizo la mkulima mara nyingi halikuwa ukosefu wa ardhi bali ukosefu wa mikono ya kufanya kazi katika majuma ya kupanda na kupalilia. Mkulima alitanguliza mazao ya chakula, na pamba ikapandwa kwa kuchelewa. Uamuzi huo, ambao maofisa waliuona kuwa uzembe, ulikuwa na sababu ya maana kwa familia yenye njaa ya kuogopa.

Tafiti hizo zilijibu maswali mengi kuhusu shamba, kaya na kiwanda kimojakimoja. Swali la jinsi sehemu hizo zilivyounganishwa, au zilivyokosa kuunganishwa, ndilo alilolishughulikia Rweyemamu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari 1967. Mabenki, makampuni makubwa ya biashara na viwanda kadhaa vilitaifishwa au kuwekwa chini ya serikali kwa sehemu. Tarehe 1 Julai 1970 chuo cha Dar es Salaam kilikuwa chuo kikuu kamili, baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Rweyemamu alifundisha uchumi hapo katika kipindi cha mijadala mikali. Mlimani palikuwa na wasomi kutoka nchi nyingi, akiwemo mwanahistoria Walter Rodney na mwanauchumi Clive Thomas, wote kutoka Guyana. Watanzania vijana, kama mwanasheria Issa Shivji, walihoji kama kutaifisha mali kulitosha kubadili uchumi. Rweyemamu alikuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kushika nafasi za juu katika ufundishaji wa uchumi chuoni hapo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alishirikiana na wengine, akiwemo John Loxley, kutoa kitabu cha makala kuhusu upangaji wa uchumi wa kijamaa, Towards Socialist Planning, kilichochapishwa na Tanzania Publishing House. Suala lake lilikuwa la utendaji: ikiwa serikali imeshika mabenki na viwanda, itatumia vipimo gani kuamua mradi upi ujengwe na upi uachwe? Faida ya fedha peke yake haikutosha, lakini nia njema bila hesabu nayo haikutosha.

Kitabu cha 1973

Kazi yake kubwa ni Underdevelopment and Industrialization in Tanzania, iliyotolewa na Oxford University Press mjini Nairobi mwaka 1973. Kitabu kinafuatilia historia ya uchumi wa nchi kutoka utawala wa Wajerumani na Waingereza hadi miaka ya baada ya uhuru, kisha kinachambua muundo wa viwanda kwa kutumia takwimu.

Humo Rweyemamu alieleza dhana ya ukuaji potofu wa viwanda wa kibepari. Kwa maelezo yake, viwanda vinaweza kuongezeka na takwimu za uzalishaji zikapanda, huku uwezo wa nchi wa kukua kwa muda mrefu ukidhoofika. Dalili za hali hiyo ni kama zifuatazo:

* Viwanda vingi hutengeneza bidhaa za matumizi, hasa kwa wenye kipato cha mijini, na karibu hakuna kinachotengeneza mitambo na zana za kuzalishia.
* Malighafi na vipuri huagizwa kutoka nje hata pale nchi inapoweza kuvipata au kuvitengeneza.
* Mitambo iliyochaguliwa hutumia mtaji mwingi na watu wachache, katika nchi yenye watu wengi na mtaji kidogo.
* Soko hushikwa na makampuni machache yanayolindwa na ushuru wa forodha.
* Sehemu kubwa ya faida na ada za utaalamu hutoka nje ya nchi badala ya kujenga viwanda vingine.

Wanauchumi hupima miunganiko hiyo kwa jedwali la pembejeo na mazao. Katika jedwali hilo kila sekta ina mstari unaoonyesha inauza nini kwa sekta nyingine, na safu inayoonyesha inanunua nini kutoka kwao. Katika nchi yenye viwanda vilivyoungana, visanduku vingi vya jedwali hujaa namba. Katika nchi yenye muundo alioueleza Rweyemamu, visanduku vingi hubaki vitupu: vitu huingia kutoka nje, huunganishwa au kufungashwa, na kuuzwa bila kugusa sekta nyingine za ndani.

Mfano wa pamba

Hoja hiyo inaeleweka kwa kutazama pamba, zao kuu la biashara la Usukuma. Katika vijiji vya Maswa na Bariadi, ambavyo leo viko katika Mkoa wa Simiyu pamoja na kata kama Mwamapalala, mkulima huvuna pamba mbegu na kuiuza kijijini. Pamba hupelekwa kwenye kiwanda cha kuchambulia, ambako mbegu hutenganishwa na nyuzi. Nyuzi hufungwa marobota na kusafirishwa.

Tangu 1955 wakulima wa eneo hilo walikuwa na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa chini ya uongozi wa Paul Bomani ili kuondoa unyonyaji wa wafanyabiashara katika mizani na bei. Ushirika ulimwongezea mkulima nguvu kijijini. Hata hivyo marobota mengi yaliendelea kwenda ng'ambo, na nguo zilizotengenezwa huko zilirudi nchini kwa bei kubwa zaidi. Kazi ya kusokota, kufuma, kutia rangi, na kutengeneza mashine za shughuli hizo ilifanyika mahali pengine.

Kujenga kiwanda cha nguo ndani ya nchi kulitatua sehemu ya tatizo tu. Mnamo mwishoni mwa miaka ya 1960 vilijengwa viwanda viwili vikubwa: Urafiki mjini Dar es Salaam, kwa msaada wa China, na Mwatex mjini Mwanza, kwa mitambo kutoka Ufaransa. Vyote vilitumia pamba ya Tanzania. Lakini Urafiki ilitumia ufundi ulioajiri watu wengi zaidi, wakati Mwatex ilitumia mitambo ya gharama kubwa zaidi yenye kuhitaji wafanyakazi wachache. Tofauti hiyo ilikuja kuwa mfano unaotajwa mara nyingi katika mijadala ya kuchagua teknolojia.

Mfano wa kinyume ni kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichojengwa na kampuni ya Ujerumani Magharibi na kuanza kazi mwaka 1972. Kilikuwa kiwanda cha bidhaa inayohitajiwa na wakulima, lakini malighafi zake kuu ziliagizwa kutoka nje. Katika orodha ya viwanda vya taifa kilihesabiwa kama hatua mbele. Katika hesabu ya fedha za kigeni kilikuwa mzigo.

Mshauri wa rais na Mkakati wa Viwanda vya Msingi

Katikati ya miaka ya 1970 Rweyemamu alifanya kazi Ikulu kama msaidizi wa Rais Nyerere katika mambo ya uchumi. Wakati huo serikali ilikuwa ikiandaa mkakati mpya wa viwanda wa muda mrefu, kwa miaka 1975 hadi 1995.

Mkakati wa Viwanda vya Msingi ulikuwa mabadiliko ya mwelekeo. Azimio la Arusha lilikuwa limeonya dhidi ya kudhani kwamba maendeleo huanza na viwanda, na kusisitiza kilimo na juhudi za wananchi. Mkakati mpya ulisema kwamba kilimo chenyewe hakiwezi kuendelea bila chuma, zana, mbolea, nguo, saruji na nishati vinavyotoka ndani. Viwanda vilipaswa kutumia rasilimali za nchi na kukidhi mahitaji ya watu wengi. Ulihusu viwanda vya vyuma, mashine, kemikali, karatasi na nguo, pamoja na kutumia makaa ya mawe na chuma cha kusini mwa nchi.

Mawazo ya mkakati huo yalitokana na watu wengi, wakiwemo Clive Thomas, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mageuzi ya nchi ndogo mwaka 1974, na wataalamu wa wizara. Kitabu cha Rweyemamu ni kati ya maandishi yanayotajwa zaidi kama msingi wake. Mkakati uliingizwa katika mpango wa tatu wa miaka mitano, 1976 hadi 1981.

Utekelezaji ulikutana na matatizo makubwa. Ukame wa 1973 na 1974 na kupanda kwa bei ya mafuta kulikuwa kumekwisha kupunguza akiba ya fedha za kigeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita dhidi ya utawala wa Idi Amin vya 1978 na 1979 viligharimu fedha nyingi, na bei ya mafuta ikapanda tena. Viwanda vilivyojengwa kwa mikopo vilikosa vipuri na malighafi, na vingi vikafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilitumia sehemu ndogo sana tu ya uwezo wake.

Kazi za kimataifa

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Rweyemamu alihamia kazi za kimataifa. Alikuwa katika sekretarieti ya tume huru iliyoongozwa na Willy Brandt, chansela wa zamani wa Ujerumani Magharibi, kuchunguza uhusiano wa nchi tajiri na nchi maskini. Amir Jamal, aliyekuwa kwa miaka mingi waziri wa fedha wa Tanzania, alikuwa mjumbe wa tume hiyo. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1980. Ilipendekeza kuongeza misaada, kuimarisha bei za mazao ghafi na kurekebisha mfumo wa fedha wa dunia.

Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika mjadala huo. Mwezi Februari 1979 Kundi la nchi 77 lilikutana Arusha, na Nyerere akalifananisha na chama cha wafanyakazi cha nchi maskini. Mwaka huohuo mazungumzo ya serikali yake na Shirika la Fedha la Kimataifa yaliingia katika mgogoro kuhusu masharti ya mkopo.

Rweyemamu alifanya kazi pia katika Umoja wa Mataifa mjini New York. Mwaka 1980 alihariri kitabu kuhusu viwanda na mgawanyo wa kipato barani Afrika, kilichotolewa na CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii lenye makao yake Dakar. Kitabu hicho kiliendeleza hoja yake ya awali: ujenzi wa viwanda na mgawanyo wa kipato haviwezi kupangwa kama mambo mawili tofauti. Kinachozalishwa hutegemea nani ana fedha za kununua, na nani ana fedha hutegemea kinachozalishwa na jinsi kinavyozalishwa.

Kifo

Rweyemamu alifariki mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Makala zake zilikusanywa na kutolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1992 katika kitabu Third World Options.

Mwaka aliofariki, serikali ilitangaza mpango wake wa kurekebisha uchumi. Mwaka 1986, baada ya Nyerere kung'atuka urais, Tanzania ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ulinzi wa viwanda ulipunguzwa, na katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa au kufungwa. Mkakati wa Viwanda vya Msingi haukufikia mwisho wa muda uliopangwa.

Ukosoaji

Kazi ya Rweyemamu imekosolewa kutoka pande mbili. Wanauchumi wanaopendelea soko huria walisema kwamba mkakati wa viwanda vya msingi ulidai mtaji, ufundi na fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo, na kwamba kilimo, ambacho ndicho kilichoingiza fedha hizo, kilinyimwa bei nzuri na huduma. Kwa maoni yao, mkulima wa pamba au kahawa ndiye aliyebeba gharama.

Wakosoaji wa mrengo wa kushoto walisema kwamba tatizo halikuwa aina ya viwanda tu bali nani aliyevitawala. Katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka, Issa Shivji alidai kwamba baada ya kutaifisha, uamuzi ulikuwa mikononi mwa tabaka la viongozi na maofisa wa serikali, si wafanyakazi na wakulima. Kwa mtazamo huo, hesabu nzuri zingeweza kupuuzwa kila zilipogongana na maslahi ya tabaka hilo.

Watetezi wake hujibu kwamba viwanda vingi vilivyoshindwa havikufuata vigezo alivyoviweka. Viwanda vilivyotegemea malighafi, mitambo na mikopo ya nje vilikuwa na dalili zilezile alizozitaja mwaka 1973.

Umuhimu wake

Rweyemamu alikuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kuchambua uchumi mzima wa nchi yao kwa nadharia na takwimu, kazi ambayo kabla yake ilikuwa ya wageni. Kitabu chake kinaendelea kutumiwa na wanafunzi wa historia ya uchumi na wa sera za maendeleo.

Swali lake halijaisha. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni kati ya wazalishaji wakuu wa pamba nchini, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado huuzwa nje ikiwa nyuzi zilizofungwa marobota. Kila mjadala kuhusu kuongeza thamani ya mazao kabla ya kuyauza nje hurudia, kwa maneno mengine, hoja aliyoiweka katika kitabu chake: kabla ya kuhesabu viwanda, ni vizuri kujua vimeungana na nini.